Dynamo ya Burundi kutolewa BAL: kosa ni la jezi au la waliokataa kuivaa?

Kapteni Mstaafu (mleta mada)
Wadau, BAL, ligi ya kikapu ya klabu za Afrika, ya 2024 imeisha. Petro de Luanda wamemfunga Al Ahly Ly 107-94 pale Kigali na kombe limeenda Angola, hongera zao. Ila mimi mawazo yangu bado yako Pretoria, mwezi wa tatu.

Kwa waliokuwa wamelala: Dynamo ya Bujumbura ilicheza mechi ya kwanza tarehe 9 Machi ikampiga Cape Town Tigers, huku maandishi ya "Visit Rwanda" kifuani yamezibwa kwa plasta. Kesho yake wakaambiwa jezi ivaliwe kama ilivyo. Wakagoma, FUS Rabat akapewa ushindi wa mezani. Tarehe 12 wakagoma tena mbele ya huyu huyu Petro, na kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ukisusa mara mbili umejitoa. Msimu mzima: umeingia uwanjani mara moja, umeshinda mara moja, umerudi nyumbani.

Swali ni hili tu: ligi ingewaacha waendelee kuziba, au sheria ni sheria?

Mpiga Filimbi
Sheria ni sheria, mada ifungwe. Rwanda ni wadhamini tangu ligi inaanza 2021. Maandishi yale hayakushonwa kwa Dynamo peke yao, wanayavaa Wamorocco, Waangola, Wamisri, kila mtu. Dynamo wamefuzu Novemba, wamecheza Machi. Miezi yote hiyo hawakuiona jezi? Halafu tusidanganyane na huu uzalendo. Uzalendo gani wa timu ambayo pointi zake zinafungwa na mamluki?

Mkono wa Kushoto
Rudia hilo neno la mwisho.

Mpiga Filimbi
Mamluki. Nikuandikie kwa herufi kubwa?

Jirani wa Gatumba
Mleta mada umeruka kitu kikubwa. Desemba 2023 watu wameuawa Gatumba, siyo mbali na Bujumbura, na waasi wa RED-Tabara wenyewe wakasema ni wao. Serikali yetu inasema kundi hilo linasaidiwa na Kigali. Tarehe 11 Januari mpaka ukafungwa. Sasa Machi unamvalisha Mrundi jezi inayowaambia watu watembelee Rwanda. Watapitia wapi, ndugu yangu? Mpaka umefungwa!

Kilima cha Saba
Mpaka mmeufunga wenyewe. Na Kigali imekanusha hayo madai ya RED-Tabara tangu siku ya kwanza, hilo umelisahau kwa bahati mbaya. Anayetaka kutembelea apande ndege.

Jirani wa Gatumba
Nimesema "serikali yetu inasema". Soma taratibu.

Mkono wa Kushoto
Mimi bado sijamalizana na Mpiga Filimbi. Nimecheza misimu mitatu ugenini, nchi na klabu naviacha. Mkataba ulisema nyumba na mshahara kila mwezi. Nyumba ilikuwa chumba kimoja na godoro la sponji lililobonyea katikati kama bakuli. Tulilala wawili, mimi na senta wetu, mtu wa mita mbili na kitu, miguu kuanzia magotini iko sakafuni. Mshahara wa mwezi wa pili niliupata mwezi wa tano, nusu. Na usiku ule bega limeteguka bado nilipanda kugombea ribaundi, kwa sababu mechi ilikuwa na sekunde arobaini. Mamluki ni askari wa kukodi anayelipwa. Mimi nilikuwa nakopa nauli ya kwenda mazoezini. Jadili jezi, sisi wageni tuache.

Mpiga Filimbi
Pole sana mkuu, lakini sijakutaja. Kama kiatu kimekutosha hilo siyo kosa la fundi.

Bibi Takwimu
Wanangu, kanuni kwanza. BAL mgeni hazidi wanne kwa timu, na wa kutoka nje ya Afrika hawazidi wawili. Waliobaki lazima wawe raia. Kwa hiyo hiyo habari ya timu nzima kuwa ya kukodi ifutwe. Na mdhamini hajali nani anafunga, anajali kamera inaona nini.

Mpiga Filimbi
Sijasema timu nzima, Bibi. Nimesema PO-IN-TI. Timu inaweza kuwa na wazawa tisa na wote wakawa wanapiga makofi benchi.

Mkono wa Kushoto
Nani amekuambia kupiga makofi benchi siyo kazi?

Msimu Ujao Tutaona
Tuwaache hao wawili. Nirudi kwenye plasta, maana inaonekana hakuna hapa aliyewahi kuziba jezi. Mimi nimewahi. Ligi ya chini kabisa, mdhamini amejitoa wiki ya mechi, kocha kaleta roli ya plasta nyeupe ya hospitali. Jezi ikiwa kavu inashika vizuri. Ukishapasha mwili, jasho likiingia, pembe zinaanza kujikunja. Robo ya pili beki wangu alikuwa na kipande kinaning'inia kama kitambulisho, kila akiruka kinampiga kidevuni. Mwamuzi akasimamisha mechi, akakibandua kwa mkono wake, akakitia mfukoni. Kwa hiyo hata Dynamo wangeruhusiwa, mechi tano za kundi zilizobaki wangecheza wakijishika vifua.

Kapteni Mstaafu (mleta mada)
Hahaha. Huo sasa ndio mchango. Ila jezi inaweza kuchapwa upya bila maandishi, siyo lazima plasta.

Mpiga Filimbi
Ikichapwa upya kwa Burundi, kesho timu nyingine inasema haitaki kampuni ya bia, keshokutwa nyingine haitaki benki. Mdhamini anabaki na nini?

Swala Tano
Hapo kwenye bia nakukamata. Hashim Amla alicheza kriketi ya Afrika Kusini miaka yote bila nembo ya bia kwenye jezi yake, kwa sababu ya dini. Walimruhusu, timu haikufa, bia haikufilisika. Na ni nchi hiyo hiyo ambako Dynamo wametolewa.

Mpiga Filimbi
Amla alikuwa mtu mmoja na Mungu wake. Hawa walikuwa timu nzima na wakubwa wao. Unadhani mlinzi wa pointi wa Dynamo aliamka tu akasema dhamiri inanisuta? Aliambiwa.

Jirani wa Gatumba
Na wewe ukiambiwa na nchi yako utafanyaje?

Mpiga Filimbi
Nitauliza kwa nini sikuambiwa kabla sijapanda ndege.

Bibi Takwimu
Hilo ndilo swali zuri pekee uliloleta leo.

Daraja la Pili
Wengi mnasahau kesi ya mpira wa miguu, Aprili hii hii. Berkane ya Morocco ilikwenda Algeria nusu fainali ya Kombe la Shirikisho na jezi yenye ramani ya Morocco, Sahara Magharibi ikiwa ndani yake, eneo ambalo Algeria haikubali kuwa ni la Morocco. Wakavuliwa ramani na bado wakafungwa.

Kilima cha Saba
Sivyo kabisa. Jezi zilizuiwa uwanja wa ndege, mechi haikuchezwa, CAF ikawapa Berkane 3-0 mezani. Marudiano kule Berkane Waalgeria, USM Alger, nao wakagoma, Berkane wakaenda fainali. Yaani aliyekataa jezi ya mwenzake ndiye aliyetoka. Na hapo jezi ilikuwa na ramani ya siasa. Ya BAL ilikuwa na tangazo la utalii.

Jirani wa Gatumba
"Tangazo la utalii" tu? Mwaka huu wa 2024 liko kwenye mkono wa Arsenal, kwa PSG, kwa Bayern, na kifua cha kila mcheza kikapu wa Afrika. Hakuna nchi inayomwaga hela hivyo ili iuze picha za sokwe peke yake.

Kilima cha Saba
Wivu huo. Mngekuwa na uwanja kama BK Arena nanyi mngetangaza.

Jirani wa Gatumba
Uwanja mzuri kweli. APR yenu ilivaa Visit Rwanda mwanzo mwisho, bila plasta hata moja, ikaishia kwenye makundi kule Dakar. Fainali ziko kwenye uwanja wenu na nyinyi mko jukwaani mnauza vuvuzela. Sisi angalau hatujafungwa na mtu.

Kapteni Mstaafu (mleta mada)
😂😂 Hatujafungwa na mtu!

Kilima cha Saba
Hamjafungwa kwa sababu hamkuingia uwanjani. Kitabuni imeandikwa 20-0.

Nyavu Kavu
Kama Mkenya nasema hivi: nyinyi wote hamjui uongozi wa michezo. Sisi huku ligi yetu...

Jirani wa Gatumba
Mkenya ngoja kwanza. Mmefika BAL lini?

Nyavu Kavu
Hiyo haihusiani na mada.

Daraja la Pili
Tangu 2021 hadi msimu huu wa 2024 hakuna timu ya Kenya iliyofika. Hata sisi Tanzania, nasema kabla hamjaniuliza. Waganda wako na City Oilers, Sudan Kusini walipeleka Cobra 2022, Burundi hao wamekwenda wakasusa. Sisi tunasubiri kususia kitu ambacho hatujaalikwa.

Nyavu Kavu
Ndio maana nasema, wacha tuongelee uongozi. Shirikisho likipeleka timu...

Mkono wa Kushoto
Uongozi ndio niliousema kwenye godoro mkacheka.

Bibi Takwimu
Mkono wa Kushoto, mwanangu, hatukucheka godoro. Tulicheka miguu ya senta. Sasa nisikilizeni, kuna kitu hakijasemwa. Kundi la Kalahari lilikuwa na timu nne. Dynamo alipotoka zikabaki tatu, na zote tatu zimekwenda Kigali: FUS, Petro, Tigers. Tigers! Yule yule aliyepigwa na Dynamo siku ya kwanza amecheza hatua ya mtoano, na aliyempiga yuko nyumbani anatazama kwenye simu. Mimi hilo ndilo linaloniuma, siyo plasta.

Mpiga Filimbi
Bibi, hiyo inathibitisha nilichosema. Walikuwa na uwezo wa kufika Kigali na wakautupa kwa ajili ya maneno mawili ya Kiingereza.

Swala Tano
Au ligi iliutupa kwa ajili ya maneno mawili ya Kiingereza. Tazama upande wa pili wa shilingi. Mechi ya kwanza maandishi yamezibwa na mechi IMECHEZWA. Waamuzi walikuwepo, kamera zilikuwepo, kamishna alikuwepo. Kama ni kosa, kwa nini filimbi ya kuanza ilipulizwa? Huwezi kuruhusu Jumamosi na kufukuza Jumapili kwa jambo lile lile.

Kapteni Mstaafu (mleta mada)
Mpiga Filimbi, jibu hilo.

Mpiga Filimbi
Mimi nasubiri Mkono wa Kushoto akubali kwamba mchezaji wa kigeni analipwa kuliko mzawa. Akikubali hilo ndipo tutaendelea.

Mkono wa Kushoto
Alipwe kuliko mzawa kwa godoro lile?

Mpiga Filimbi
Jibu swali. Mzawa wa timu yako alikuwa analipwa ngapi?

Mkono wa Kushoto
Alikuwa halipwi. Alikuwa na kazi ya mchana, mlinzi wa ghala. Anakuja mazoezini na sare ya kazini, anaikunja vizuri, anaiweka chini ya benchi isije ikachafuka.

Mpiga Filimbi
Kwa hiyo nina haki.

Mkono wa Kushoto
Haki ya kuniita mimi mamluki? Mtu ambaye hakulipwa mshahara wake na mtu ambaye hakuwa na mshahara kabisa, wewe unatafuta nani kati yao ni msaliti. Walioshika hela hata huwatazami.

Nyavu Kavu
Hapo umeongea, bro. Na ndio nilikuwa nasema kuhusu uongozi.

Daraja la Pili
Petro bingwa naye si ana wageni? Mbona yeye hamumwiti mamluki?

Mpiga Filimbi
Petro anashinda.

Bibi Takwimu
Ah! Kumbe ndiyo kanuni yenyewe. Mgeni akishinda ni "usajili wa nguvu", akisusa ni mamluki.

Kilima cha Saba
Na aliyeshinda kikombe si Al Ahly wa Misri? Nilidhani wao ndio walicheza fainali.

Daraja la Pili
Al Ahly Ly ni wa Libya, Benghazi. Wa Misri ndio walikuwa mabingwa wa 2023. Na kikombe amebeba Petro, mleta mada kaandika mstari wa kwanza kabisa. Una BK Arena mlangoni na hujui nani amecheza ndani yake?

Kilima cha Saba
Sikuwa na tiketi.

Jirani wa Gatumba
Hiyo leo nakuelewa. Sote wawili tumeangalia kwenye simu.

Kapteni Mstaafu (mleta mada)
Wadau nakumbusha, swali lilikuwa kama ligi ingewaruhusu kuziba. Swala Tano ametoa hoja ya Jumamosi na Jumapili, hakuna aliyeijibu tangu jana.

Mpiga Filimbi
Nitaijibu. Lakini kwanza kuna mtu hapa ameniita mtafuta wasaliti.

Msimu Ujao Tutaona
Mkono wa Kushoto, samahani, nimekuwa nikiwaza tangu asubuhi. Yule senta alilalaje misimu mitatu?

Mkono wa Kushoto
Msimu mmoja tu. Wa pili alihamia chumba cha mlinzi wa ghala, kulikuwa na kitanda cha chuma ambacho unaweza kung'oa ubao wa miguuni. Godoro nikabaki nalo mimi.