Krismasi Kibosho: mpishi wa kulipwa au kila nyumba ije na chakula chake?

MkeWaKibosho: Habari za jioni wapendwa. Mume wangu ni kitindamimba, kihamba cha wazee, yaani shamba la migomba la familia, ndicho tunachokaa, kwa hiyo Krismasi wote wanatuangukia sisi. Mpishi wa shughuli wa mjini Moshi anataka laki tatu na nusu, vitu juu yetu. Wifi yangu anasema tugawane. Nipeni uzoefu, mpishi anasubiri jibu kesho.

Shemeji_Mkuu: Watu wangapi? Tarehe 25 au 26? Maji yapo? Umeulizia shati hujataja saizi.

BintiRombo: Gawaneni, ila mmoja ashike daftari. Sisi mwaka juzi hatukuandika: hotpoti saba za chapati, nyama hakuna. Na mtori, supu ya ndizi, msimpe wa Dar. Ndizi zinamenywa jana yake jioni, zinalala kwenye maji zisiwe nyeusi, na yeye atafika na kucha za kubandika.

Kaka_wa_Ubungo: Wa Dar tumewakosea nini? Mbuzi ananunua nani?

MamaKiborloni: Mimi chakula cha kuletewa nilikoma. Tulikuwa Marangu, watu kama hamsini, tukaagiza kila kitu mjini kije kimeiva. Saa saba wazee wameshakaa, gari hakuna. Napiga simu: "Tuko Himo mama, tunapandisha." Saa tisa bado wanapandisha. Walipofika saa kumi nikafungua ndoo ya kwanza ya pilau, mvuke ukanipiga usoni na harufu ya kuchacha. Kumbe lilipikwa usiku wa manane, likafungiwa la moto kwenye ndoo za plastiki. Nachota, linavutika kama mlenda. Baba mkwe akanusa sahani, akaiweka chini taratibu, akaomba mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Bora angenigombeza. Tukakata mkungu mgombani, tukamenya mikono ikajaa utomvu, machalari, ndizi za kupika na nyama, tukala saa mbili usiku kwa tochi za simu. Hela yangu ya kianzio hadi leo.

Mangi_Mstaafu: Pole mama, lakini Krismasi uchagani pilau la nini? Machalari, kisusio, choma, basi. Na mbege anapika nani? Mkianza tarehe 23 mtakunywa uji wa ulezi.

BintiRombo: Watoto wa siku hizi wanakunywa kisusio, Mangi? Wakisikia tu ni damu wanakimbia.

Mangi_Mstaafu: Wangu walikunywa, na hawakuambiwa.

MkeWaKibosho: Samahani, nilikuwa nakamua ng'ombe. Ni tarehe 26, watu arobaini, wakija wa ukoo hata hamsini. Maji ya tangi. Halafu kuna jambo sikusema: mama mkwe hataki mgeni jikoni kwake.

Shemeji_Mkuu: Si ungeanza na hilo! Mpishi afunge mafiga nje, apike nyama na wali. Mama abaki jikoni na mtori wake.

MamaKiborloni: Apike hapo hapo nyumbani. Kisipandishwe kitu kilichoiva.

BintiRombo: Laki tatu na nusu kwa kuchemsha wali? Mimi bado nasema daftari.

Kaka_wa_Ubungo: Jamani, kuna mwenye habari za tiketi za treni? Tangu irudi Moshi 2019 kila Desemba nasema nitapanda, naishia kwenye basi.

BintiRombo: Kaka, uliza na mbuzi anakaa behewa gani.

Mangi_Mstaafu: Mbege hamjanijibu.