Stendi ya TV na rafu ya vitabu kwa 6,000: paleti, kreti za nyanya ama MDF?

kejampya
Wasee habari zenu. Nimehamia bedsita huku Roysambu, ghorofa ya nne na lifti hakuna. TV ya inchi 32 sai inakaa juu ya boksi yake na vitabu vimepangwa chini kando ya meko, ukiingia unadhani ni stoo. Niko na 6,000 ya stendi na rafu. Nilipitia kwa mafundi wa Ngong Road nikaulizia bei, nikaendelea kutembea polepole kama mtu ameachwa na matatu. So nataka kujitengenezea. Nimebakisha njia tatu: paleti, zile kreti za mbao za nyanya, ama bodi ya MDF (ile ya nyuzi za mbao zilizoshindiliwa na gundi). Vifaa ni nyundo na bisibisi moja. Na landilodi hataki kuona ukuta umetobolewa.

mbaotupu
Paleti bro, hakuna kufikiria mara mbili. Unashuka Industrial Area, unaongea vizuri na soja wa geti, unatoka na mbili ama tatu. Piga msasa, paka vanishi, umemaliza wikendi moja.

fundinusu
@mbaotupu wikendi moja ya nani? Mimi nilijaribu kitanda cha paleti na wacha niwaambie kitu hizo video hazionyeshi: misumari ya paleti imesokotwa, haitoki kwa nyundo. Ukilazimisha, mbao inapasuka katikati, mimi kwa paleti nne nilitoka na mbao nzima za paleti mbili, zingine zikaishia kwa jiko la mama jirani. Dawa ni kuingiza blade ya msumeno wa chuma kati ya mbao na mbao ukate msumari wenyewe, sasa hesabu misumari ni mingapi. Halafu msasa. Unaanza na ile mbaya ya namba 80, unaenda 120, unamaliza na laini ya 220, na kama huna mashine ni mkono wako tu na vumbi lote liko juu ya hilo godoro lako. Kwa bedsita? Labda uende rooftop, na keteka akukubalie.

Pia angalia mhuri ubavuni. HT maana yake ilitiwa joto kuua wadudu, hiyo chukua. MB ilipigwa gesi ya methyl bromide, achana nayo. Isiyo na mhuri wowote huwezi jua ilibeba nini, yangu moja ilikuwa na harufu ya dawa ya shamba hadi leo nikikumbuka pua inawasha.

mama_wawili
Kijana, mimi ningekwambia kreti. Nilitoa zangu Marikiti, ziko tayari boksi, hubomoi kitu, unazilaza ubavu unapanda moja juu ya nyingine na rafu ndiyo hiyo. Lakini usiingize kwa nyumba siku hiyohiyo! Osha na maji moto na sabuni, anika jua siku mbili kamili, ile maji ya nyanya ikibaki kwa mbao mende watakuja na familia. Pitisha mkono ndani ukiwa na glavu kwa sababu misumari imetokeza kila mahali, igonge irudi. Na ukiona tundu ndogondogo na unga laini chini yake, hiyo ni bungua, mdudu anayekula mbao, rudisha ulikotoa hata kama umeuziwa bei ya kutupa.

Kitu nilikosea, sikuzifunga pamoja. Mtoto alishika ya juu akitafuta biskuti ikashuka nayo. Hakuumia, lakini siku hiyo nilinunua bolti na nati.

kejampya
Asante mathe. Na kreti inaweza beba TV kweli?

mama_wawili
Vitabu sawa. TV mimi singeweka, zile mbao zimekatwa nyembamba na haziko levo.

oti_wa_randa
Mimi hii ndiyo kazi yangu, niko Kariobangi, na sikuji kukuuzia. Kwa mtu ana nyundo na bisibisi pekee, MDF inashinda zote, sababu ni moja tu: hadiwea yenye mashine inakukatia. Wewe kazi yako ni kupima na kuchora.

Bodi ni futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122. Chukua ya milimita 18. Mwambie apasue urefu mara tatu, vipande vya upana wa 40. Kwa stendi unahitaji mbili za 100, juu na chini, na tatu za 40 za kusimama. TV ya 32 upana wake ni kama sentimita 73 hivi kwa hivyo itakaa na nafasi ibaki. Kipande cha tatu, pamoja na kilichobaki kwa cha pili, apasue katikati, ziwe za 20. Hapo toa mbili za 120 za kusimama na sita za 65 za vitabu. Bodi moja imetosha. Usiende zaidi ya 70 kwa rafu ya vitabu, itapinda katikati kama machela. Vitabu vizito viweke chini kabisa kwa kuwa huwezi kuishikilia ukutani.

Na bodi nzima ni karibu kilo 40, so hiyo ghorofa ya nne utashukuru ukibeba vipande.

fundinusu
Ongeza mambo ya maji hapo Oti.

oti_wa_randa
Naam. Adui ya MDF ni mopu. Ile ya kumwaga maji sakafuni ukisukuma na skwizi, miezi michache tu chini imefura kama mandazi na haitarudi. Weka vimguu, hata vipande vya mbao ya inchi 2 kwa 2 chini. Kingo zinafyonza kuliko uso, zipake gundi ya mbao iliyopunguzwa maji, ikauke, msasa kidogo, ndiyo upake rangi. Na usiingize skrubu kwa ubavu bila kutoboa kwanza, inapasuka kama kitabu. Azima drili.

mbaotupu
Sawa nimeshindwa. Lakini kiti je? Mgeni akija atakaa kwa MDF? Tairi kuukuu, plaiwudi juu na chini, kamba ya katani imezungushwa, sponji juu.

mama_wawili
Hiyo kamba ulipima? Mimi tairi ya inchi 13 na kamba ya milimita 10 ilikula mita 50 na kitu, kuzungusha na kufunika juu. Kamba ilinigharimu kushinda vitu vingine vyote.

kejampya
Update: nimekata MDF, stendi imesimama, iko levo karibu. Rangi nilichukua nyeupe, sai iko na alama za vidole zangu zote kumi. Rafu bado, drili ya kuazima imerudishwa kwa mwenyewe. Kuna mtu yuko upande wa Thika Road ana drili Jumamosi? Chapo ni juu yangu.

fundinusu
Niko Kasarani. Chapo ngapi?