Kesi ipo, ramu ipo, prosesa bado iko njiani

Muulizaji (Mwanza):
Wakuu, najiundia kompyuta, nimeagiza prosesa ya Ryzen 5 5600 na ubao mama wa B550 kutoka China. Kesi, ramu na pawasaplai vipo mezani, kila jioni navifuta vumbi. Wakala anasema mzigo umefika Dar. Nina hamu mpaka usingizi haupatikani! Nifanye nini huku nasubiri?

Jibu 1:
Mkuu, kadi ya picha unayo? Prosesa ya 5600 haina sehemu ya picha ndani yake, kioo kitabaki cheusi. Yenye nayo ni 5600G.

Muulizaji:
Ninayo, RX 580 ya mtumba.

Jibu 2:
Safi. Basi pakua BIOS mpya (programu ya kuwashia ubao mama) uiweke kwenye flashi. B550 zilitoka 2020, 5600 ikaja 2022. Ubao uliokaa dukani unaweza usiitambue. Ramu zikiwa mbili, chomeka tundu la pili na la nne.