Printa imegoma KUSKANI eti wino wa njano umekwisha. Tangu lini kuskani kunakula wino??

Fundi Sebule:
Wakuu, ni saa nne na robo usiku, nimekaa na bukta, jasho linanitoka, na naandika kabla hasira hazijapoa.

Hao jamaa siwataji, mnawajua. Wale wanaokuuzia mashine kwa bei ya kuku wawili halafu wino kwa bei ya ng'ombe mwenye mimba. Hao hao.

Mdogo wangu anaomba mkopo wa chuo, mwisho wa kutuma ni leo saa sita usiku. Kimebaki kitu kimoja tu, kuskani cheti cha kuzaliwa. Karatasi moja! Nikailaza kwenye kioo, nikafunga mfuniko, nikabonyeza. Mashine ikanguruma kama daladala bovu linapanda mlima wa Kimara, ikanyamaza, ikawaza. Halafu kwenye kile kidirisha chake cha kikalkuleta ikaandika: NJANO IMEKWISHA. BADILISHA KATRIJI.

Njano. Kwenye kuskani.

Jamani, kuskani ni taa inapita chini ya kioo, sensa inasoma mwanga unaorudi, basi. Hakuna tone linalotoka popote. Hii ni sawa na friji ikatae kufunguka kwa sababu mtungi wa gesi umeisha. Kondakta akushushe njiani kwa sababu dereva hana vocha!

Na hiyo njano kaimaliza nani? Mimi nachapisha barua, nyeusi tupu. Sijawahi kuchapisha ndizi wala jua wala jezi ya Yanga. Nimekuja kugundua kila ikiwashwa inajisafisha vichwa, inavuta wino wa rangi zote inaumwaga kwenye sponji iliyo tumboni mwake. Huku kwetu umeme unakatika na kurudi kama mgeni aliyesahau mwavuli, na kila ukirudi mashine inaamka, inaoga. Kwa hiyo njano yangu ya elfu thelathini na tano IPO. Ipo kwenye sponji.

Mwezi uliopita niliijaza katriji wino kwa bomba la sindano, ikafanya kazi siku nne vizuri kabisa. Mashine ikajifanyia apdeti usiku nimelala, asubuhi ikasema katriji haitambuliki. Ile chipu ndogo pale ubavuni ndiyo inayokuchongea. Nikanunua nyingine, orijino, kwa heshima zote. Leo inaniambia njano.

Na msinichukulie poa. Hapa sebuleni kuna kompyuta tatu, moja ya mwaka 2011 ilishaitwa chuma chakavu, nikaipa SSD, ile diski ya kasi, na Ubuntu, ile Linux ya bure, sasa hivi inawaka kabla hujamaliza kupiga chafya. Virusi nimevifukuza mtaa mzima. Leo nimeshindwa na rangi ya embe.

Kuskani! Njano!

Chuma cha Pua:
Hahahaha "jezi ya Yanga". Mkuu ungekuwa wa Msimbazi ingekuishia nyekundu, shukuru.

Mama Wawili Tandika:
Pole kaka. Mimi yangu inanidai bluu mwaka wa pili huu. Nimegeuza meza ya kuwekea jagi la maji.

Kobe Mpole:
Mleta uzi una kompyuta tatu halafu huna simu yenye kamera?

Ngedere Mstaafu:
^^ Swali zito hilo. Nimekaa pale nasubiri jibu.

Fundi Sebule:
Kobe Mpole usinitoe kwenye mada. Mada ni NJANO.

Kobe Mpole:
Cheti kimetumwa au hakijatumwa?

Fundi Sebule:
Kimetumwa. Dogo alikipiga picha kwa simu akiwa amesimama mlangoni, dakika moja, akarudi kuangalia tamthilia. Lakini hiyo siyo hoja! Mashine imeandikwa ubavuni kwamba inaskani. Nilinunua iskani.

Ngedere Mstaafu:
Yaani dogo kamaliza kazi kwa dakika moja, wewe umeandika bandiko refu kuliko wosia wa tajiri. Nimecheka mpaka wapangaji wenzangu wamegonga ukuta.

Chuma cha Pua:
Halafu mkuu jiandae. Hiyo sponji ina mita yake. Ikihesabu kwamba imejaa, mashine inajifunga kabisa, na kuizibua unatafuta programu ya kurudisha hesabu sifuri. Hapo ndipo utakumbuka njano kwa upendo.

Fundi Sebule:
Unasema??? Yaani inamwaga wino wangu halafu inanifungia kwa kuwa imemwaga mwingi?

Mama Wawili Tandika:
Nunueni zile za matangi, unamimina wino kutoka kwenye chupa kama mafuta ya kupikia. Bei ya kwanza inauma, ila baadaye unalala.

Kijana wa Bando:
Afadhali nyie mna ugomvi na wino. Mimi nimejiunga GB 5 za wiki, nikaunganisha laptopu kwa simu nijaze fomu ya dakika tano. Nikaenda kuoga. Narudi, laptopu imejishushia apdeti, bando limeisha, na inanionyesha asilimia 30 eti nisizime. Nisizime nini, na nimeshazimika mimi?

Chuma cha Pua:
Kijana, nenda kwenye mipangilio ya mtandao, iambie huo muunganisho unapimwa (metered). Hapo apdeti nyingi zinasubiri. Kama hukufanya hivyo, unalisha mtoto wa jirani.

Mtu wa Mkuranga:
Ninyi wote hamjaumizwa. Mimi nimenunua flashi ya TB 2 kwa elfu ishirini na tano, Kariakoo, kwa yule jamaa, mnamjua, mwenye spika mbili na kofia. Nikahamishia picha za harusi ya dada. Majina ya mafaili yote yanaonekana, ukifungua picha ni kijivu. Bwana harusi ana kichwa tu, kuanzia kidevu hayupo.

Mama Wawili Tandika:
Mwenye kofia! Na mimi kaniuzia chaja.

Kobe Mpole:
Hiyo ni feki, kaka. Chipu ya ndani imefundishwa kusema uongo, inajitangaza TB 2 kumbe ina GB 16. Zikijaa, vinavyofuata vinakwenda hewani au vinakanyaga vya zamani. Kwenye Windows tumia programu ya H2testw, inaandika halafu inasoma ilichoandika, uongo unajulikana. Kwenye Linux kuna F3.

Mtu wa Mkuranga:
Na bwana harusi atarudi?

Kobe Mpole:
Harudi.

Ngedere Mstaafu:
Mwambie dada aolewe tena.

Fundi Sebule:
Kobe, hiyo F3 inachukua muda gani? Nina TB 1 hapa, nimeweka nakala zangu zote za miaka sita. Niliipata kwa bei nzuri.

Kobe Mpole:
Kwenye Ubuntu andika sudo apt install f3, halafu tumia f3probe, ni dakika chache tu, haihitaji kuijaza flashi nzima. Uliinunua wapi?

Fundi Sebule:
Alikuwa na kofia.

Ngedere Mstaafu:
Wadau sogezeni viti.

Kijana wa Bando:
Tupe majibu mkuu, nina MB 40 zimebaki.

Fundi Sebule:
GB 7.