Mtoto hasomi bila hela ya ubuyu, naomba ushauri

Jamani naomba ushauri, mwanangu yuko la tatu, bibi yake kamzoesha akimaliza homuweki anapewa mia mbili ya ubuyu, sasa hivi daftari halifunguliwi mpaka aulize "leo shingapi?" Najua mwanasaikolojia Skinner alisema tendo likizawadiwa linajirudia, sawa, ila kuna utafiti wa Lepper na wenzake 1973, watoto waliokuwa wanapenda kuchora wakaahidiwa cheti, baadae hamu ikashuka kuliko wasioahidiwa kitu. Huyu hesabu alikuwa anazipenda mwenyewe, ndo kinachoniuma. Sasa nikate hela ghafla au nipunguze mdogo mdogo? Baba yake anataka fimbo, hiyo mi siafiki kabisa. Walimu na wazazi wenzangu, na bibi naye naanzaje kumwambia bila kumuudhi?