Haidranti ya zamani: nichukue ya Holly au ya Ludlow?

Mha_wa_Buffalo: Wakuu habari za jumapili. Nipo Buffalo hapa New York, kuna mzee anauza haidranti mbili za kale (zile nguzo za chuma za barabarani zimamoto wanapochukulia maji), moja imeandikwa Holly Lockport nyingine Ludlow Troy, yaani mtengenezaji na mji wake. Nataka moja nisimamishe mbele ya nyumba. Nichukue ipi?

fundi_valvu: Bei? Picha? Ndani zina valvu au ni maganda matupu? Hujasema kitu mkuu.

Nyamwezi72: Beba Holly. Lockport si hapo jirani yako tu! Birdsill Holly ndo alikuwa anasukuma maji kwa pampu moja kwa moja kwenye mabomba ya mji toka 1863, moto ukitokea wanaongeza presha, zimamoto wanafunga mpira tu. Hataza (hati ya haki ya mvumbuzi) ya haidranti akapewa 1869. Baba wa haidranti huyo.

mama_Zawadi: Kaka hapo kwa baba sikubali. Frederick Graff wa mamlaka ya maji Philadelphia anatajwa na haidranti ya kusimama ya 1801, sema ofisi ya hataza Washington iliungua 1836 na karatasi zikaenda na moto. Kumbukeni mabomba enzi hizo yalikuwa magogo yaliyotobolewa katikati, nyumba ikiwaka watu wanafukua barabara wanatoboa gogo, wakimaliza wanaziba kwa kigingi. Mtu wa kazi kama ile kukosa jina kisa karatasi, mi inaniuma kweli.

Nyamwezi72: Dada sikatai, ila Holly ni mfumo mzima. 1877 alipasha joto nyumba za Lockport kwa mvuke toka boila moja, bomba linapita chini ya barabara!

fundi_valvu: Jamani mada. Ludlow valvu yake ni geti linaloteleza, nyingi nyingine zinafunga kwa kubana. Ila cha kwanza ni fimbo ya kufungulia, izungushe kabla hujatoa hela. Mimi nilinunua moja nzuri kwa macho, nikakodi gari, tukabeba watu wanne, kufika home fimbo haizunguki, nikamwagia mafuta wiki nzima, mwisho nikachukua nyundo, na kasti (chuma cha kumimina) haipindi, ikapasuka toka shingoni mpaka chini, kila fundi wa kuchomelea niliyempelekea alikataa.

Mha_wa_Buffalo: Pole sana mkuu. Nilisahau kusema, nataka itoe na maji nimwagilie bustani.

mama_Zawadi: Ndo ulitakiwa uanze na hilo! Kwa baridi ya huko valvu lazima ikae chini kabisa barafu isipofika, na ukifunga, maji yaliyobaki kwenye shina (bomba la kusimama) yatoke kwa kitundu cha chini, la sivyo yanaganda yanapasua chuma.

fundi_valvu: Na ufungue mpaka mwisho, ukiacha nusu kitundu kinavujisha udongo unaliwa. Shina lina urefu gani?

Mha_wa_Buffalo: Mzee anasema moja ilikatwa chini, hakumbuki ipi. Nampigia.

Nyamwezi72: Kama ni Ludlow ndo imekatwa basi mungu kaamua.

mama_Zawadi: Usipige simu, nenda na futi. Na wewe Nyamwezi kuhusu 1801 hujanijibu.