Mmefunga feni ya moshi, mmeunguza mota, mmempiga dada wa watu shoti, halafu mnasema fezi ilikatika??

Wakuu salamu baadaye, leo nina hasira. Naendesha mgahawa huku Kawe, jiko lina majiko manne ya gesi na kikaangio cha chipsi, sasa moshi ukawa unawafuata wateja mpaka mezani nikaona basi, ngoja niwekeze kitu cha maana. Nikatafuta kampuni (jina siweki, wanajijua, na najua mmoja wao anasoma humu) wakaja na kofia na maovaroli yenye nembo mgongoni, nikajua hapa nimepata watu. Kazi ilikuwa feni moja kubwa ya juu ya bati inayovuta kutoka kwenye kenopi (ile kofia ya chuma juu ya majiko), na nyingine ya ukutani kwa ajili ya joto.

Feni ya juu haikumaliza nusu saa. Ilianza kuguruma kama ng'ombe mgonjwa, harufu ya vanishi ikashuka na bomba mpaka kwenye masufuria, ikasimama. Breka? Imekaa kimya kabisa. Dada wa jikoni anashika kenopi aifute akarushwa nyuma mpaka kwenye ndoo za maji. Mzima namshukuru Mungu, ila mkono ulikufa ganzi mpaka kesho yake.

Nikawapigia. Jibu la kwanza: "boss mota uliyonunua ni feki". Nikawaambia mliileta nyie na risiti ni yenu. Jibu la pili: "basi itakuwa fezi moja ilikatika, hiyo ni nje ya uwezo wetu", yaani waya mmoja kati ya zile tatu zinazoleta umeme. Hapo ndo waliponiudhi, maana walidhani muuza chipsi hawezi kujua.

Nikamleta mzee mmoja anasuka mota, akaifungua mbele yangu. Akasema angalia hapa, mota iliyofungwa staa (namna mojawapo ya kuunganisha koili, nyingine ni delta) ikikosa fezi moja zinaungua koili za fezi mbili, za tatu zinabaki nyeupe. Hii imeungua zote sawasawa, nyeusi tii mzunguko mzima. Akageuza kibati cha mota tukasoma: 230/400 V, delta/staa, 6.1/3.5 A, kilowati 1.5. Maana yake kwa umeme wetu wa fezi tatu, ambao kati ya fezi na fezi ni volti 400, inafungwa STAA. Ukiifunga delta unazipa koili volti 400 wakati zimesukwa kwa 230. Akafungua boksi la tominali, vile vibati vitatu vya shaba vimesimama wima kila kimoja kimeunga juu na chini, delta hiyo, hata mimi naiona! Staa vinalala vyote upande mmoja. Mchoro wake upo umegongwa kwenye mfuniko wa ndani wa boksi lilelile, yaani fundi aliushika mkononi akauweka pembeni akafunga anavyojua yeye.

Sasa kwa nini breka haikuruka? Kwa sababu waliweka ya ampea 32 kwa mota ya ampea 3.5. Breka ile inalinda waya usiwake moto, mota haina habari nayo. Mota inalindwa na kontakta (swichi ya kuwashia mota) yenye ovalodi (kifaa kinachohisi ampea zikizidi), unaiseti kwenye ampea za kibati, ikizidisha kwa muda inakata, na fezi ikikatika kweli inakata vilevile. Kwenye kwotesheni yao ovalodi IPO, nimelipia, ukutani haipo. Hiyo mnaitaje kwa Kiswahili fasaha?

Na ile shoti je. Koili zilipoungua zikagusa bodi ya mota, bodi imeshikana na bomba la chuma, bomba limeshikana na kenopi. Waya wa ethi (wa kupeleka ardhini umeme unaovuja) ulikuwepo kwenye kebo, wa kijani na njano, wameukunja nyuma wakaukata kwenye glendi (pale kebo inapoingilia boksi). Nimemuuliza kijana wao kwenye simu ananijibu "feni ya fezi tatu inatumia waya tatu tu boss". Jamani!! Ethi ingefungwa, na ikawepo breka ya 30 mA ya kuhisi umeme unaovuja, ingekata yenyewe kabla dada hajagusa chochote.

Ya ukutani nayo ni kichekesho. Inapuliza NDANI. Wakasema ni upepo wa bahari unarudisha, ikabidi nicheke. Hiyo ni kubadilisha nafasi za fezi mbili tu inageuka. Ila mzee alinionya kitu sikukijua, kwamba zile feni za juu ya bati zenye gurudumu la mapanga kama tundu la ndege zikizunguka kinyume bado zinavuta kwa upande uleule ila kidogo sana, kwa hiyo usipoangalia mshale kwenye bodi unaweza kukaa mwaka mzima unalaumu bomba.

Kuhusu bati siongei sana, wametoboa na grainda, wakaiweka feni juu ya bati tupu bila fremu ya engo kukamata kwenye papi (mbao za paa), bila mpira wa kuzuia mtetemo, wakazungushia silikoni. Mvua ya kwanza tu maji yakashuka na kebo mpaka kwenye jointi waliyoifunga tepu chini ya dari. Na huko juu hakuna swichi ya kukatia umeme, yaani mzee wa watu anapanda ilibidi nikae mwenyewe mlangoni kwa breka nisije nikakuta mtu kawasha.

Sasa wameniletea pendekezo tugawane gharama ya kusuka nusu kwa nusu. Sigawani. Mota imesukwa, imelipiwa na mimi, risiti ninayo, picha za tominali na ethi iliyokatwa ninazo, hela nataka yote pamoja na ya ovalodi isiyoonekana. Nimewaomba pia leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) ya huyo fundi aliyefunga, tangu hapo simu inaita tu.

Wakati huohuo jiko halina feni na moshi umerudi. Mwenye kumjua fundi mwenye leseni, anayekuja na klampu mita akapima ampea za kila fezi mbele yangu kabla hajadai hela, aniwekee bei PM. Wa "mkuu nipo karibu nina tasta" naomba msijisumbue.